Kila Shilingi na Tarehe Yake: Mwongozo kwa Anayeanza Kuwekeza

Desemba ni mwezi wa kuvunja vikoba. Wanachama waliokuwa wakinunua hisa zao kila wiki hukaa chini ya mwembe au barazani kwa mwenyekiti, sanduku linafunguliwa kwa funguo tatu, daftari linasomwa, na kila mmoja anaondoka na chake. Nimeiona furaha ya siku hiyo mara nyingi. Nimeiona pia Februari inayofuata, fedha zimekwisha na mwenyewe hawezi kueleza zimekwenda wapi.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako uliyetoka kikobani, au uliyeuza mazao, au uliyepata kiinua mgongo kidogo, na sasa unajiuliza uziweke wapi. Tuseme mkononi una shilingi 2,000,000. Utasikia ushauri wa kila aina: nunua hisa, nunua dola, nunua kiwanja, mpe fulani azizungushe. Kabla hujamsikiliza yeyote, jiulize swali moja: fedha hizi nitazihitaji lini? Mfumuko wa bei, riba, biashara ya nje na soko la hisa ni mambo manne yanayoonekana magumu, lakini yote yanaeleweka ukiwa na jibu la swali hilo.

1. Pima mfumuko wa bei wa nyumbani kwako

Mfumuko wa bei ni kasi ya kupanda kwa bei katika kipindi fulani, kwa kawaida mwaka mmoja. Tanzania Bara wastani wake ulikuwa asilimia 4.3 mwaka 2022, asilimia 3.8 mwaka 2023 na asilimia 3.1 mwaka 2024. Wengi husikia kwamba mfumuko umeshuka, wakadhani bei zimeshuka. Sivyo. Katika miaka hiyo yote mitatu bei ziliendelea kupanda, ila mwendo wake ulipungua.

Hata mwendo wa polepole unakula akiba. Ukifungia shilingi 2,000,000 kabatini kwa miaka 10 na bei zikapanda asilimia 3 kila mwaka, noti zitakuwa zilezile, lakini zitanunua vitu ambavyo leo vinauzwa kama 1,488,000. Mwendo ukikaza, hasara haisubiri miaka 10. Desemba 2011 mfumuko nchini ulifika asilimia 19.8. Kilichonunuliwa kwa 2,000,000 mwaka mmoja kabla kilihitaji karibu 2,400,000.

Takwimu hizi hutolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu mapema kila mwezi. Zinatokana na kapu la bidhaa na huduma linalowakilisha matumizi ya kaya za nchi nzima, na katika kapu linalotumika tangu bei za mwaka 2020 zilipofanywa kuwa msingi, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa asilimia 28.2. Hapo ndipo penye siri. Kaya nyingi za kipato cha chini hutumia zaidi ya nusu ya fedha zao kwenye chakula.

Chukua familia inayotumia 600,000 kwa mwezi, na 330,000 kati ya hizo ni chakula. Chakula kikipanda asilimia 8 na vitu vingine asilimia 1, kapu la taifa litaonyesha mfumuko wa karibu asilimia 3. Familia hii itahitaji shilingi 29,100 zaidi kila mwezi, na huo ni mfumuko wa karibu asilimia 5. Takwimu ya taifa haijakosea, na mama anayelalamikia bei sokoni hajakosea pia. Kila mmoja anapima kapu lake.

Kwa hiyo pima la kwako. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Chagua vitu kumi usivyoweza kuviepuka: unga, mchele, mafuta ya kula, sukari, mkaa au mtungi wa gesi, nauli, kodi ya nyumba, ada, bando na dawa. Andika bei zake tarehe mosi ya kila mwezi, pamoja na kiasi unachotumia. Baada ya mwaka utaijua asilimia yako. Kila faida utakayoahidiwa popote, iwe benki au sokoni, itoe asilimia hiyo kwanza. Kinachobaki ndicho faida halisi.

2. Ijue riba kabla haijakujua

Riba ni bei ya kutumia fedha za mwenzako kwa muda. Ukikopa unailipa, ukiweka unalipwa.

Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kuendesha sera yake kwa kutangaza Riba ya Benki Kuu. Ilianza na asilimia 5.5, ikapandishwa hadi asilimia 6 Aprili 2024, ikateremshwa hadi asilimia 5.75 Julai 2025. Kamati ya Sera ya Fedha hukaa kila robo ya mwaka kuiamua. Usitarajie kukopeshwa kwa riba hiyo. Inaongoza gharama ya benki kukopeshana zenyewe kwa zenyewe kwa siku saba. Wewe unakutana na riba ya mikopo ambayo kwa wastani imekuwa karibu asilimia 15 kwa mwaka, kwa sababu benki inaongeza gharama zake, faida yake, na hofu ya wakopaji watakaoshindwa kulipa. Akaunti ya kawaida ya akiba, kwa upande wake, hulipa riba ndogo isiyotofautiana sana na mfumuko wa bei. Ni mahali pazuri pa kutunza fedha za karibuni, ila si mahali pa kuzikuzia.

Benki Kuu hupandisha riba inapoona bei zinataka kukimbia, ili mikopo iwe ghali na fedha mitaani zipungue. Huiteremsha inapotaka biashara zikope na kupanuka. Ukisikia imepanda, tarajia mkopo mpya kuwa mgumu. Ukisikia imeshuka, tarajia hatifungani mpya za serikali, nitakazozieleza hapa chini, kulipa pungufu. Mabadiliko hayo huchukua miezi kukufikia, na wakati mwingine hayakufikii kwa ukamilifu.

Sasa rudi kwenye 2,000,000 zako. Una deni? Kama ulikopa 300,000 kwa mikopo ile inayoitwa kausha damu, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, unalipa 30,000 kila mwezi kwa riba peke yake, yaani 360,000 kwa mwaka, na deni lenyewe halijapungua hata senti. Hakuna hisa wala hatifungani halali inayokuhakikishia faida ya asilimia 120 kwa mwaka. Kulifuta deni hilo ndio uwekezaji bora kuliko wote utakaoufanya mwaka huu.

Ukikopa tena, uliza riba inapigwa juu ya nini. Mkopo wa 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 18 inayopigwa juu ya mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, utakugharimu riba ya 216,000. Asilimia 18 hiyohiyo ikipigwa juu ya deni linalobaki kila baada ya rejesho, utalipa karibu 120,000. Asilimia ni moja, fedha ni mbalimbali. Uliza swali hilo kabla ya kusaini.

3. Ikopeshe serikali, lakini jua unaifunga fedha kwa muda gani

Serikali hukopa kwa wananchi kupitia minada ya Benki Kuu. Kuna dhamana za muda mfupi, kuanzia siku 35 hadi 364, na hatifungani za miaka kuanzia 2 hadi 25. Kima cha chini cha hatifungani kimekuwa shilingi 1,000,000, na riba yake, inayoitwa kuponi, hulipwa kila baada ya miezi sita.

Mwaka 2021 hatifungani ya miaka 25 ilianza kutolewa kwa kuponi ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Mwaka 2022 ikateremshwa hadi asilimia 12.56. Aliyenunua ile ya kwanza anaendelea kulipwa asilimia 15.95 yake hadi mwisho, na hatifungani yake ikapanda thamani sokoni, kwa sababu nani asingeitaka?

Hesabu yake iko hivi. Una hatifungani ya 1,000,000 inayolipa asilimia 15 na imebakiza miaka 20. Zikija mpya zinazolipa asilimia 12, mnunuzi anaweza kukupa karibu 1,224,000 kwa ya kwako. Geuza upande: unayo ya asilimia 12, zinakuja mpya za asilimia 15. Ukilazimika kuuza, utapata kama 812,000. Riba ikishuka, bei ya hatifungani ya zamani inapanda. Riba ikipanda, bei inashuka.

Ndiyo maana nakuuliza tarehe. Anayeweza kungoja hadi hatifungani iive atapata kuponi zake zote na mtaji wake wote. Anayelazimika kuuza katikati anapokea bei ya siku hiyo. Fedha ya ada ya mwakani usiifunge kwa miaka 25 kwa kuvutiwa na kuponi.

Kama huna milioni ya kufunga, ipo mifuko ya uwekezaji wa pamoja. UTT AMIS, iliyo chini ya serikali, inasimamia mifuko kadhaa, ukiwamo Mfuko wa Umoja ulioanza mwaka 2005, wa Ukwasi na wa Hatifungani. Unanunua vipande kwa fedha kidogo, wataalamu wanazikusanya na za wenzako na kuziwekeza, nawe unaweza kuuza vipande vyako ukalipwa baada ya siku chache za kazi. Soma waraka wa mfuko ujue unawekeza kwenye nini. Mfuko wenye hisa nyingi hupanda na kushuka kuliko wenye dhamana za serikali.

4. Tazama bandari na mpaka

Mwekezaji wa Singida anaweza kudhani biashara ya kimataifa haimhusu. Mwaka 2022 ulimjibu. Februari vita vilianza Ukraine, mafuta yakapanda bei duniani, na Mei lita ya petroli Dar es Salaam ilikuwa imepita shilingi 3,000. Serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kupunguza makali. Tunaagiza mafuta yote na sehemu kubwa ya ngano tunayokula. Mafuta yakipanda, lori linaloleta mahindi kutoka Rukwa linapandisha nauli, na unga unapanda bei ingawa shamba halijapungukiwa mvua.

EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Zisome kama unavyotazama wingu kabla ya kuanika mpunga. Bei ikipanda miezi miwili mitatu mfululizo, nauli na chakula havitabaki nyuma.

Mpaka nao una kauli yake. Machi 2021 Kenya ilizuia kwa muda mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu. Wafanyabiashara waliokuwa na malori njiani waliumia, ingawa zuio liliondolewa ndani ya siku chache. Ukiwekeza kwenye mazao kwa kutegemea mnunuzi wa nchi moja tu, weka akilini kwamba amri moja inaweza kufunga soko lako asubuhi.

Kisha kuna dola. Shilingi hupata nguvu dola zinapoingia kwa wingi, hasa nusu ya pili ya mwaka, kunapokuwa na watalii wengi, korosho ikiwa mnadani na mazao mengine yakisafirishwa. Dhahabu nayo huingiza nyingi mwaka mzima. Shilingi hulegea zinapoadimika. Mwaka 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 2,700, na watu wengi wakakimbilia kununua kwa hofu. Desemba mwaka huohuo ilikuwa imeshuka hadi karibu 2,400. Aliyenunua juu na kuuza chini alipoteza zaidi ya asilimia 10 ndani ya miezi michache. Kama kodi yako, ada yako na chakula chako ni kwa shilingi, weka akiba yako kwa shilingi. Nunua dola ikiwa una malipo ya dola yanayokusubiri.

Kwa mwekezaji wa hisa, swali la bandari ni hili: kampuni hii inanunua malighafi kwa fedha gani, na inauza kwa fedha gani? Inayoagiza kila kitu kwa dola na kuuza kwa shilingi itabanwa shilingi ikilegea. Inayouza nje itanufaika. Taarifa ya mwaka ya kampuni hueleza hayo, nawe una haki ya kuisoma.

5. Soko la hisa linamlipa mwenye subira na muda

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo Aprili 1998. Kununua hisa ni kununua sehemu ya kampuni. Kampuni ikipata faida inaweza kukupa gawio, na bei ya hisa ikipanda unaweza kuuza kwa faida. Kampuni ikiyumba, unayumba nayo.

Historia ya hisa tatu inafundisha mengi. Mwaka 2008 hisa za NMB ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 600. Mwishoni mwa 2024 bei ilikuwa imepita 5,000. Mwaka 2017 hisa za Vodacom Tanzania ziliuzwa kwa 850, na miaka kadhaa baadaye zilikuwa bado zikiuzwa chini ya hapo. Na CRDB ilianza kwa 150 mwaka 2009, ikapanda vizuri, kisha mwaka 2019 ikashuka chini ya 100. Mwishoni mwa 2024 ilizidi 600.

Itazame CRDB vizuri. Watu wawili walionunua siku moja kwa bei moja waliweza kupata matokeo tofauti kabisa. Aliyelazimika kuuza mwaka 2019 kwa sababu ya ada au ugonjwa aliuza kwa hasara ya bei. Aliyeweza kungoja miaka mitano zaidi alipata zaidi ya mara nne ya alichonunulia, mbali na magawio. Hisa ilikuwa moja. Kilichowatenganisha ni tarehe ya kuhitaji fedha. Usichukulie pia kwamba kila anayengoja hulipwa, kwani kampuni nyingine hazisimami tena.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, fanya haya:

- Fungua akaunti ya kuhifadhi hisa kupitia dalali mwenye leseni, au tumia programu ya Hisa Kiganjani ya soko lenyewe.
- Soma faida ya kampuni kwa miaka mitano. Tafuta mwenendo, usitosheke na mwaka mmoja mzuri.
- Gawanya gawio kwa bei. Hisa ya 700 inayotoa gawio la 50 inakupa karibu asilimia 7. Linganisha na hatifungani na amana ya benki. Kumbuka kodi ya zuio, ambayo kwa magawio ya kampuni zilizoorodheshwa ni asilimia 5.
- Angalia kama hisa hiyo inauzwa kila siku. Baadhi ya hisa hukaa siku nyingi bila mnunuzi. Hisa unayoshindwa kuiuza siku ya shida haitakusaidia siku hiyo.
- Nunua kidogo kidogo. Ukigawa fedha yako mara tatu kwa vipindi tofauti, hutajikuta umenunua yote siku ya bei ya juu.
- Usiweke yote kwenye kampuni moja, hata kama ndiyo unayofanyia kazi. Ikianguka, utakosa mshahara na akiba kwa pamoja.

6. Gawa fedha zako kwa kalenda

Sasa tuzigawe zile 2,000,000. Huu ni mfano, nawe utaupanga upya kwa hali yako.

- Leo: 300,000 zifute deni la kausha damu.
- Januari: 400,000 za ada na sare zikae benki. Hizi zina mwenyewe tayari.
- Siku isiyojulikana: 500,000 za dharura ziwe mahali zinapotoka haraka, kama akaunti ya akiba au mfuko wa ukwasi.
- Mwaka mmoja hadi mitatu: 500,000 ziende kwenye amana ya muda maalumu au vipande vya mfuko usioyumba sana.
- Miaka mitano na kuendelea: 300,000 ndizo za hisa, laki moja kila baada ya miezi mitatu.

Utaona kwamba kati ya milioni mbili, ni laki tatu tu zilizofika soko la hisa. Usione haya. Zinaweza kungoja kwa utulivu kwa sababu zile nyingine zinakulinda. Kikoba kijacho, deni likiwa halipo na dharura imejaa, sehemu ya hisa na hatifungani itakuwa kubwa zaidi.

7. Mkatae anayeahidi bila tarehe wala leseni

Mwaka 2009 serikali iliuzima mpango wa upatu ulioitwa DECI, ambao wanachama walihimizwa kupanda fedha kama mbegu na kusubiri mavuno. Waliolipwa mwanzo walilipwa kwa fedha za waliofuata, na wengi wa mwisho walibaki mikono mitupu. Majina hubadilika, sasa hata simu zinatumika, lakini mbinu ni ileile.

Kipimo unacho tayari. Serikali yenyewe, ilipolipa vizuri kwa hatifungani ya miaka 25, ililipa asilimia 15.95 kwa mwaka. Anayekuahidi asilimia 10 kwa mwezi anadai kukulipa zaidi ya mara saba ya hapo. Muulize fedha inazalishwa wapi. Uliza Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kama ana leseni ya uwekezaji, na Benki Kuu kama ana leseni ya kupokea amana au kukopesha. Akikuharakisha, akikuambia nafasi inafungwa leo, ondoka.

Sanduku la kikoba lina funguo tatu kwa sababu wanachama walijua fedha inahitaji ulinzi wa zaidi ya mtu mmoja. Fedha yako binafsi nayo iwekee funguo zake: daftari la bei zako, swali la riba, na tarehe ya kila shilingi. Nunua daftari hilo wiki hii. Ukurasa wa kwanza andika bei za vitu vyako kumi, wa pili andika madeni yako na riba zake, wa tatu andika fedha ulizonazo na siku utakayohitaji kila sehemu. Usimpe mtu yeyote fedha yako kabla kurasa hizo tatu hazijajaa.